Maji Mafu Saa Nne Asubuhi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha fizikia kwenye sekondari moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, nilimpa mwanafunzi sifuri kwa jibu lililokuwa sahihi. Swali la jaribio lilitaka waeleze ni wakati gani tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa kubwa kuliko nyakati nyingine za mwezi. Kijana huyo, mjukuu wa mvuvi, aliandika kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba ni mwezi pili na mwezi tatu, na tena mwezi kumi na sita na kumi na saba, yaani siku za kuhesabu tangu mwezi uandame, kisha Kiingereza kikamwishia, akamalizia kwa Kiswahili: "hapo ndipo bamvua linapokuwa kubwa." Mwongozo wangu wa kusahihishia ulisema mwezi mwandamo na mwezi mpevu, basi. Wenzake kadhaa walilikumbuka neno la Kiingereza la bamvua, "spring tide", wakalieleza kuwa ni kujaa kwa maji katika majira ya machipuko, kwa sababu ndivyo neno lenyewe linavyomdanganya mtu asiyekulia kwenye lugha hiyo. Hao niliwapa alama moja moja kwa kukumbuka neno. Yeye nilimkata.

Mimi ni mtoto wa mjini, nimekulia Ng'ambo, na bahari kwangu ilikuwa Forodhani wakati wa jioni. Nilizaliwa kisiwani nikafika ukubwani bila kujua hesabu ya maji, na ujinga huo haukunisumbua, kwa sababu chuoni nilikuwa nimefaulu vizuri mada ya mvutano wa dunia na mwezi.

Ulianza kunisumbua Jumamosi moja, miezi miwili baada ya jaribio lile, nilipoandaa somo la vitendo ufukweni. Tulipanga kushuka saa nne asubuhi, tupime mteremko wa ufukwe na tuchukue joto la maji kwenye vidimbwi vinavyobaki bahari inapokupwa. Nilikuwa nimezoea kuwaona kina mama wakishuka asubuhi kwenda kwenye mashamba ya mwani, nikaamini kwamba asubuhi ndiyo saa ya maji kupwa. Sikuwa nimegundua kwamba hawashuki kila asubuhi. Siku ya Alhamisi yule kijana alinifuata mlangoni mwa ofisi ya walimu, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, Jumamosi ni mwezi nane. Maji mafu. Saa nne maji yatakuwa yamejaa." Alimaanisha siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo. Nilimshukuru, nikaendelea na mpango wangu. Jumamosi tulifika na ndoo, kamba, vipimajoto na darasa zima, tukaikuta bahari imelala pana na kimya juu ya kila kitu tulichokusudia kupima. Hata vigingi vya mwani havikuonekana. Kijana hakusema neno. Alivua viatu, akakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, akanitazama nikizunguka na karatasi yangu.

Jioni ile nilikwenda kwa babu yake. Nilimkuta barazani anashona wavu, nikamwamkia, akaniitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akauliza, "Ndiye wewe uliyewapeleka watoto kuogelea?"

Hesabu aliyonifundisha ni fupi, na mtu yeyote wa pwani yetu anayetegemea bahari anaijua. Mwezi ukiandama, maji hujaa saa kumi na ushei, jioni na alfajiri, na hukupwa kiasi cha saa nne na nusu, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa karibu saa moja kasoro dakika kumi. Ukifika mwezi nane mambo yamegeuka: saa nne na nusu asubuhi ndiyo ya maji kujaa, na jioni ndiyo ya kupwa. Ukifika mwezi kumi na tano umerudi pale ulipoanzia. Kwa hiyo mtu akikutajia tarehe ya mwezi, unaweza kumtajia saa ya maji bila kuangalia jedwali wala simu. Kina mama wa mwani hushuka wakati wa bamvua kwa sababu ndipo bahari inapokwenda mbali na kuwaachia mashamba yao katikati ya asubuhi. Siku za maji mafu hubaki nyumbani kuanika na kufunga mbegu kwenye kamba. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu kila wiki, nikayaona kama mtalii.

Jumatatu nilimwita kijana, nikamrudishia karatasi yake. Sikuwa na jinsi ya kubadili alama zilizokwisha kupelekwa ofisini, lakini tulilisoma jibu lake pamoja, na hapo nikaona jambo jingine ambalo lingenipita. Sijali sana kwamba alisema bamvua; lililonishitua ni zile tarehe. Kitabu kilichora jua, dunia na mwezi vimejipanga mstari mmoja, na kikasema siku ya mstari huo ndiyo siku ya maji makubwa. Yeye alisema siku moja au mbili baadaye. Nikafungua jedwali la maji la mwezi ule, nikakuta jedwali linakubaliana naye. Bahari ni maji mengi mno yanayosukumwa kwenye mabonde yenye kina na maumbo tofauti, yanasuguana na sakafu na kingo zake, na kwa hiyo hayaitikii mvuto papo hapo, huchelewa. Mchoro wa kitabu ni wa dunia laini isiyo na mabara. Mtoto alikuwa anajibu kuhusu bahari iliyopo hapa.

Tangu mwaka ule nimekuwa nikifundisha mada hiyo kwa namna moja. Naanza na hesabu ya barazani, naiandika ubaoni kama kanuni yenye namba, na nawaambia wanafunzi kwamba ni dai kama madai mengine ya kisayansi: linaweza kupimwa, na kipimo kinaweza kuliangusha. Kisha tunapima. Mwaka wa kwanza tulifunga boriti mbili pamoja, tukazitia alama za rangi kila sentimita 10, tukaenda kuzisimika mahali nilipopachagua mimi, karibu na diko, na wakati wa bamvua boriti zetu zikabaki zimesimama kwenye mchanga mkavu, kuku wanapita chini yake. Mzee alituonyesha mkondo ambao haukauki. Kwa mwezi mzima, kutoka mwandamo hadi mwandamo, wanafunzi walikwenda zamu kwa mtumbwi kusoma alama wakati wa mchana, na kila usomaji uliandikwa pamoja na saa na tarehe ya mwezi.

Kanuni ya mzee ilisimama, lakini haikusimama bila mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ndiyo iliyonifaa mimi kama mwalimu. Wanafunzi waligundua kwamba ile "saa moja kasoro dakika kumi" haiko sawa kila siku: karibu na bamvua maji huchelewa kwa dakika chache zaidi ya 40, na karibu na maji mafu huchelewa kwa zaidi ya saa nzima. Nilidhani tumemkamata mzee. Tulipompelekea, alishangaa kwamba tulihitaji boriti ili kulijua hilo. "Maji mafu ni mavivu," alisema. "Ile saa moja kasoro ni ya kukufundishia wewe." Kwa hiyo alikuwa na kanuni mbili, moja ya mwanagenzi na moja ya mvuvi, kama vile sisi tunavyomfundisha mtoto wa kidato cha pili kwamba mwendo hauna msuguano, kisha tunamwongezea msuguano akikua.

Yeye naye alikuwa na swali lake, na naamini lilikuwa limekaa naye kwa miaka mingi kabla hajapata mwalimu wa kumuuliza. Mwezi unapita juu yetu mara moja kwa siku; mbona maji yanajaa mara mbili? Nimewahi kuwauliza walimu wenzangu swali hili na wengi wao hukimbilia mchoro. Nilimweleza mzee kwamba mvuto wa mwezi hupungua kadiri unavyokwenda mbali, hivyo maji yaliyo upande wa mwezi huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, na dunia nayo huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa pili. Huku maji hutangulia, kule maji huachwa nyuma, na pande zote mbili bahari hutuna. Alinyamaza akavuta uzi wa wavu mara mbili tatu. "Kumbe kule siyo maji yanayokuja," alisema. "Ni dunia inayoyakimbia." Sijapata kusoma maelezo bora zaidi ya hayo katika sentensi moja, na wanafunzi wangu wote sasa huyajua.

Huwa nawasimulia pia habari ya Galileo, kwa sababu inawapa moyo. Mtu huyu aliyeiona miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupita) kwa darubini, na ambaye hakuna anayebisha ukubwa wake, alishikilia kwamba bahari hujaa na kupwa kwa sababu ya mizunguko ya dunia inayoyatikisa maji kama yaliyomo chomboni, na alipoyaandika hayo mwaka 1632 alimshangaa Johannes Kepler kwa kukubali kwamba mwezi una amri juu ya maji. Galileo aliishi kando ya Mediterania, bahari ambayo mahali pengi hupanda na kushuka kidogo tu. Mvuvi wa bahari yetu, ambayo wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, asingeweza kukosea hilo hata kama angetaka. Lakini mvuvi huyo naye hakuweza kusema kwa nini. Hilo lilimsubiri Isaac Newton, mwaka 1687. Ukijua lini bila kujua kwa nini utavua samaki maisha yako yote vizuri kabisa. Ila huwezi kupiga hesabu ya bahari ambayo hujawahi kuiona, na ndipo ninapowahitaji wanafunzi wangu wapande ngazi ya pili.

Ngazi hiyo huwa tunaipanda kwa hesabu moja ninayoipenda. Jua lina tungamo la takriban mara milioni 27 ya tungamo la mwezi, lakini liko mbali nasi takriban mara 390 zaidi. Nguvu inayojaza na kupwisha maji hupungua kwa mchemraba wa umbali, kwa hiyo tunazidisha 390 kwa 390 kwa 390, tunapata kama milioni 59, tunagawa 27 kwa 59, na jibu halifiki hata nusu: 0.46 hivi. Jua kubwa lote lile, na kwa bahari halifikii nusu ya mwezi. Wakati wa bamvua wawili hao husaidiana, yaani 1 na 0.46; wakati wa maji mafu hukinzana, yaani 1 toa 0.46. Gawanya moja kwa nyingine utaona kwamba bamvua linapaswa kuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya maji mafu. Boriti zetu hazikuwa mbali na hesabu hiyo, ingawa upande wa ndani wa mwamba wa bahari maji ya kupwa huzuiliwa yasishuke kama ya nje. Siku ile tulipolinganisha, kijana wa sifuri alikuwa ndiye mwandishi wa ubaoni.

Sasa niseme nisichokipenda. Nimehudhuria semina zaidi ya moja kuhusu kuingiza maarifa asilia katika masomo ya sayansi, na karibu zote hufuata mwendo mmoja. Wazungumzaji husema kwamba wazee wetu walikuwa na hekima, orodha ya mitishamba huonyeshwa ukutani, mzee mmoja aliyealikwa hupewa kiti cha mbele na soda, hupigwa picha, na hakuna anayemuuliza swali ambalo anaweza kulijibu vibaya. Kwangu huko ni kumdharau kwa heshima. Mtu ambaye maneno yake hayawezi kupimwa wala kubishiwa hajaingizwa darasani. Amewekwa kwenye kabati la vioo. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule zinazomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Lalamiko hilo halijaisha, lakini dawa yake si kumgeuza mzee naye kuwa kitabu.

Mfano wa kubishana kwa maana ninao, nao unahusu kalenda. Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kila Julai watu huadhimisha Mwaka Kogwa, yaani Nairuzi, mwanzo wa mwaka wa hesabu ya jadi ambayo wakulima na mabaharia wa mwambao waliitumia kupangia kilimo na safari. Mwaka huo una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za mwisho. Wazee huhesabu tangu Nairuzi, wakasema mwongo fulani ni wa upepo fulani, na mzee wetu alikuwa akituambia kwamba ikitimia mia, vuli iko mlangoni. Ukihesabu siku mia kutoka nusu ya pili ya Julai unaangukia mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, kwa hiyo kauli hiyo inakaa vizuri kabisa.

Inakaa vizuri leo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na hasemi, aliuliza kama hesabu hiyo ina mwaka mrefu. Haina. Jua hukamilisha mwaka wake kwa siku 365.2422, na kalenda isiyoongeza siku huteleza takriban robo siku kila mwaka. Kwa miaka 100 ni siku 24. Kwa kanuni hiyo hiyo, akasema, babu wa mzee alikuwa akiipata siku ya mia wiki kadhaa baadaye kuliko sisi, kwenye majira yaliyokwisha kusonga. Basi ama mvua imehama, ama kauli ya mia si ya zamani kama tunavyoambiwa, ama kuna watu waliokuwa wakiirekebisha kimya kimya. Darasa lililipuka. Hiyo ndiyo sauti ninayoitafuta kila ninapoingia darasani.

Tulimpelekea mzee. Hakukasirika, na hakujitetea kwa umri. Alisema kwamba mia ni ya kujiandaa, ya kusafisha shamba na kutafuta mbegu, na kwamba mwenye akili hatazami mia peke yake bali hutazama pepo, kaskazi imeanza kupenya au bado, na hutazama Kilimia. Akatukumbusha msemo ambao nusu ya darasa waliujua bila kujua unazungumzia nini: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapo ilikuwa zamu yangu kufurahi. Kilimia ni kile kishada cha nyota ambacho mwezi Mei jua hupita karibu nacho kwa mtazamo wetu wa duniani, kwa hiyo huzama magharibi mwisho wa Aprili au mapema Mei, wakati wa masika, hupotea katika mwanga wa jua kwa wiki kadhaa, na huonekana tena alfajiri upande wa mashariki mnamo Juni, mvua zikiwa zimekatika. Kalenda ya siku 365 huteleza. Nyota hiyo, kwa umri wa binadamu, haitelezi. Mzee alikuwa na saa mbili, na aliirekebisha moja kwa nyingine.

Jina Nairuzi lenyewe limetoka Uajemi. Nalisema hili kwa sababu neno "asilia" hunitia wasiwasi. Linawafanya watu wafikiri kuna chungu kilichofunikwa tangu zamani, ambacho kazi yetu ni kukifunua kwa uangalifu bila kumwaga. Kalenda ya wazee wetu ilisafiri kwa upepo wa kaskazi kama zilivyosafiri tende na mazulia. Na kuna maarifa mengine ya pwani hii ambayo ni machanga kuliko mimi. Kilimo cha mwani kwa ajili ya soko kilianza huku mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wanaokifanya wengi wao ni wanawake. Katika miaka hiyo michache wamejikusanyia elimu ambayo haimo katika kitabu chochote cha kidato cha nne: mwani gani hukatika kamba zikikaza, maji yakiwa ya rangi gani mtu asitoe mbegu, kwa nini kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, hupata vidonda vyeupe na kuoza maji ya kina kifupi yanapopata joto kali, ilhali spinosamu, wa bei ya chini, huvumilia. Mama wa mwanafunzi mmoja alikuja darasani akaeleza hayo akiwa ameshika kamba mkononi. Mwalimu mwenzangu wa biolojia alichukua vipimajoto, akaenda na wanafunzi kupima maji ya shambani na ya mkondoni, na walipoona tofauti wakaelewa mara moja kwa nini watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Dokta Flower Msuya akiwa mstari wa mbele, walishirikiana na wakulima kujaribu kupanda kotonii kwenye maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu za mfano wa bomba. Kikwazo nacho walikielewa upesi, kwa sababu mama yule alikisema kabla hawajauliza: wengi wa wakulima hawajui kuogelea.

Teknolojia nayo hufuata njia hiyo hiyo ikiachwa ifuate. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walitengeneza chombo kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, kikapewa jina la Flipflopi, kikashushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Kina urefu wa mita 9. Huwa nawaonyesha wanafunzi picha zake na kuwauliza ni nini kilichokuwa kipya pale. Hujibu plastiki, na ni kweli. Lakini plastiki haina nyuzi kama mbao, hupinda kwa joto na hukataa misumari kwa namna yake, na aliyejua mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ubebe nini na mataruma, mbavu zake, yakae wapi ni mtu aliyejifunza kwa tezo mkononi.

Suala la lugha siwezi kulikwepa, ingawa nimechoka kulizungumza. Mtihani wa taifa wa sekondari unaandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wangu ataandika kwa Kiingereza. Ninachofanya ni kubadili mpangilio tu: kwanza tunasema bamvua na maji mafu mpaka dhana ikae, tunapiga hesabu zake, tunabishana, na siku ya mwisho ndipo nawapa majina ya Kiingereza kama anavyopewa mgeni jina la mtaa anaokwisha kuujua. Tangu nianze hivyo sijapata tena jibu la majira ya machipuko. Sidai zaidi ya hapo.

Kuna kitu kimoja mzee alikataa kutufundisha, na nilijifunza kukubali. Wavuvi wa ndoano hurudi kwenye mwamba ule ule katikati ya bahari isiyo na alama yoyote juu ya maji, kwa kulinganisha vitu vilivyo nchi kavu: ukiona mnara wa msikiti umekaa sawasawa mbele ya mbuyu, uko kwenye mstari mmoja, ukiona mlango wa mwamba umeingiliana na mvinje fulani, uko kwenye mstari wa pili, mistari inapokatana ndipo unapotia nanga. Ni jiometri tupu. Nilimwomba atupeleke tuilinganishe na ramani ya simu. Alikubali kutupeleka, tukatia nanga, simu ikatupa duara lake dogo la buluu, mistari ya mzee ikapita ndani ya duara hilo. Alitufundisha pia kwamba mistari miwili isibanane, kwa sababu ikikaribia kuwa mmoja hujui uko wapi juu yake, na wanafunzi walipochora pembe mbalimbali kwenye karatasi waliona kosa linavyokua pembe inavyopungua. Tulipomaliza, mmoja wao alitupa ndoano akasubiri. Hakupata kitu. Mzee akacheka mpaka ngalawa ikatikisika, akatuambia kwamba ule mwamba hauna samaki tangu enzi za baba yake. Njia alitupa, mwamba wake ni wake. Njiani kurudi alinung'unika kwamba hata mbuyu ule sasa hauonekani vizuri kutoka upande wa kusini, kwa sababu hoteli imejengwa mbele yake, na kwamba vijana wamehamia kwenye tangi la maji la hoteli hiyo kama alama.

Muhula huu tuna safari mbili za ufukweni, na ratiba yake ameiandaa yule kijana, ambaye sasa yuko kidato cha nne. Aliiandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu kwa mwandiko mkubwa: mwezi 2 na mwezi 16, kushuka saa nne na nusu asubuhi. Mwalimu wa taaluma alisimama mbele ya ubao akauliza hizo ni tarehe ngapi. Kijana alimjibu kwamba inategemea mwezi utaandama siku ya 29 au utatimiza 30. Mwalimu wa taaluma alitafuta penseli, akaziandika tarehe zote mbili kwenye kalenda ya shule, na pembeni akaweka alama ya kuuliza.